Meza za zama za kati za kubeba: inayumba, inabonyea, inapasuka, tatizo liko wapi?

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne hivi simu zinaanza, fundi meza inayumba, fundi ubao umejikunja, fundi mguu umegoma kuingia na maonyesho ni wikiendi hii. Mimi ni seremala, naishi Uingereza, marehemu baba alikuwa seremala Tanga na ndiye aliyenifundisha kushika randa, na kwa miaka sasa ndio mimi natengeneza na kurekebisha meza za kikundi chetu cha kuigiza maisha ya karne ya 15, yani tunalala kwenye mahema ya turubai, tunapika kwa kuni, tunakula mbele ya watu kama walivyokula wa enzi hizo. Wapo ndugu zetu wengine nao wako kwenye haya mambo, wa hapa, wa Ujerumani, wa Marekani, na maswali yanafanana sana, so nimeona niyaweke yote sehemu moja kwa lugha yetu.

Kwanza tuelewane ni meza gani. Enzi zile kwa watu wengi meza ilikuwa ni ubao mrefu umelazwa juu ya farasi wawili, farasi yule yule wa seremala wa kukatia mbao, basi. Ubao haujapigiliwa popote. Watu wakimaliza kula ubao unanyanyuliwa, farasi wanasogezwa ukutani, na ukumbi ule ule unakuwa wa kucheza au wa kulala. Meza ya kukaa mahali pamoja daima walikuwa nayo wachache wenye uwezo, na Waingereza waliipa jina lake kabisa, meza iliyolala. Ukifika Penshurst Place, jumba la kale kule Kent, kwenye ukumbi uliomalizika 1341, utakuta meza ndefu za farasi za karne ya 15 bado zipo, nenda ukazione kwa macho yako ikiwezekana. Sasa hiyo pointi ya ubao kutofungwa ishike vizuri, maana karibu kila ugonjwa nitakaoutaja hapa nimeukuta umeletwa na mtu aliyefunga kitu ambacho wazee wale walikiacha huru, alafu akiona kinacheza anaongeza skrubu, akiona kimepasuka anaongeza gundi.

Vipimo nitakavyovitumia ni vya meza yangu ya kawaida: urefu sentimita 180, upana 75, unene milimita 25, mbao za paini, mgongo wa farasi (ile boriti ya juu inayobeba ubao) sentimita 70, na kimo cha meza nzima 74. Yako ikiwa tofauti hesabu utazirekebisha.

Meza inayumba

Usikimbilie msumeno. Toa ubao, chukua kila farasi peke yake umsimamishe kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, gereji au hata jikoni, kisha mtikise kwa mkono. Hapo utapata jibu moja kati ya matatu.

Jibu la kwanza, kwenye zege ametulia kabisa ila uwanjani anayumba. Huyo mzima, mbovu ni ardhi. Uwanja wa maonyesho ni shamba la watu, kuna mashimo ya kwato, kuna mteremko, mwezi wa saba nyasi zimekauka na ardhi ngumu kama tofali, mwezi wa kumi ni tope tupu, waliowahi kwenda Hastings kwenye kumbukumbu ya vita vya 1066 wanajua Oktoba ya kule ikoje. Farasi wa miguu minne kwenye ardhi ya namna hiyo lazima mguu mmoja uelee, hata umtengeneze kwa ustadi gani. Dawa yake ni ya zamani na sisi tunayo jikoni, mafiga ni matatu na chungu hakiyumbi. Miguu mitatu inakaa popote. Ukiangalia michoro ya karne ya 14 na 15 utawaona farasi wa miguu mitatu mara nyingi tu, kuna watu wanadhani mchoraji kasahau mguu wa nne, hapana, mafundi walijua wanachofanya. Mimi naweka miguu miwili upande mmoja wa mgongo na mmoja upande wa pili, alafu nikipanga meza nawapishanisha farasi, huyu mguu wake wa pekee upande wa huku, yule upande wa kule. Usiweke miguu ya pekee yote upande mmoja, mtu akiisukuma meza kwa nyonga wakati anapita upande huo ndio unakuwa dhaifu.

Jibu la pili, anayumba hata kwenye zege, lakini kila mguu umekaza kwenye tundu lake. Huyo miguu haijalingana. Na hapa ndipo watu wanapoharibu, anakata huku kidogo, anajaribu, anakata kule kidogo, anajaribu, mwisho meza inakuwa ya kimo cha stuli. Fanya hivi: msimamishe kwenye sakafu iliyonyooka, weka pima maji juu ya mgongo, ingiza vipande vyembamba vya mbao chini ya miguu mifupi mpaka mgongo ulale sawa pande zote. Ukishapata, chukua kipande kimoja cha mbao chenye unene wa sentimita 3 hivi, lazima kilale juu ya sakafu, weka penseli juu yake na uzungushe kila mguu alama. Kata kwenye alama. Mara moja tu, umemaliza, na faida nyingine ni kwamba ncha za miguu zitakuwa zimekatwa kwa mshazari unaofuata sakafu, zinakaa bapa.

Jibu la tatu, mguu wenyewe unacheza kwenye tundu. Mara nyingi hii inatokea miezi michache baada ya kutengeneza, kwa sababu mguu ulikuwa bado mbichi ulipochongwa, ukakauka, ulimi (ile ncha yake inayoingia kwenye tundu) ukasinyaa na tundu likabaki kubwa. Utaratibu mzuri ni kinyume chake: mguu uwe mkavu kabisa, mgongo ukiwa na unyevu kidogo ni sawa, maana mgongo ukikauka unaubana mguu. Kwa farasi ambaye tayari amelegea na hutaki miguu yake itoke, pasua ulimi kwa msumeno kutokea juu, kama theluthi mbili ya kina chake, ingiza kabari ya mbao ngumu yenye gundi na uigonge. Angalia sana mwelekeo: kabari ikate nyuzi za mgongo, yani ikae kwa kukingama na urefu wa mgongo. Ukiiweka ifuate nyuzi, kabari inafanya kazi ya shoka, unapiga nyundo mara ya tatu unasikia tah, mgongo umepasuka toka tundu hadi mwisho. Huo hauponi, tengeneza mwingine.

Wanaotaka miguu inayochomoka kwa ajili ya safari wachonge ulimi uliochongoka na tundu lililopanuka kuelekea chini, kama kizibo na mdomo wa chupa. Uzito unavyozidi juu ndivyo unavyokaza, na ukigonga kidogo toka juu mguu unatoka.

Nyumbani ilikaa fresh, uwanjani miguu haiingii

Umechanganya miguu. Kila tundu la mkono lina umbo lake hata kama drili ni moja, na mguu wa tundu hili kwenye tundu lile utaingia nusu au utazama sana. Maseremala wa zama za kati walikuwa wanapiga alama za patasi kwenye viungo vya nyumba, za mtindo wa namba za Kirumi, I, II, III, kwa sababu mistari iliyonyooka ni rahisi kuikata kwa patasi. Ukifanya hivyo kwenye miguu na kando ya matundu umetatua tatizo na meza imezidi kuwa ya kweli. Usiandike kwa kalamu ya maka.

Sababu ya pili ni mvua. Mguu uliolala kwenye nyasi mbichi usiku kucha umevimba. Usiulazimishe kwa nyundo, utaingia ndio, lakini jumapili jioni hautatoka. Uanike kwenye upepo, sio karibu na moto, baada ya saa kadhaa unarudi, na siku zote kabla ya kuunganisha paka nta au sabuni ya kipande kwenye ulimi.

Ubao unabonyea katikati, au meza inainuka mtu akiegemea mwisho

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu ukitibu moja unaamsha jingine.

Ubao kubonyea kunatokana na vitu viwili, unene na umbali kati ya farasi. Unene una nguvu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu ugumu wa ubao unapanda kwa unene mara unene mara unene. Ubao wa milimita 25 ni mgumu karibu mara 2.7 kuliko wa milimita 18 wa mti ule ule. Ndio maana zile meza za mbao nyembamba za dukani zinalegea kama kamba ya kuanikia ukiweka mtungi wa bia na mkate mkubwa. Umbali nao hivyo hivyo, farasi wakitoka kwenye nafasi ya sentimita 130 kuja 110, kwa uzito ule ule katikati unabonyea kama asilimia 60 tu ya mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kununua mbao mpya sogeza farasi ndani, ni bure.

Lakini ukisogeza sana, pale mwisho unakuwa mrefu na mtu akiegemea meza inapinduka. Nimepiga hesabu kwa ubao wangu ambao una kilo 17 hivi: farasi akiwa sentimita 25 toka mwisho inahitaji mzigo wa kama kilo 44 pale ncha ili upande wa pili uinuke. Akiwa sentimita 35 inatosha kilo 27. Akiwa 45, kilo 17 tu, na hiyo ni mzee anayejishikilia kuinuka au mtoto anayening'inia. Mimi nimetulia kwenye sentimita 30, kilo 34 hivi, na kitu kizito, sufuria ya chuma au mtungi, nakiweka katikati, maana kilo 6 za katikati zinaongeza kama kilo 12 kwenye uwezo wa ncha. Na mabenchi yanapangwa pembeni, hakuna anayekaa kichwani mwa meza. Hilo la mwisho nimelifanya sheria baada ya maonyesho fulani ambapo mgeni mmoja, bibi wa watu, aliweka viganja vyote viwili kwenye ncha akitaka kuinuka, ubao ukaja, supu ya moto ikaja. Alipata kiganja chekundu tu namshukuru Mungu, ila mimi ile sauti ya mabakuli sijaisahau na meza ile farasi wake walikuwa ndani kupita kiasi, niliwapanga mwenyewe.

Ubao unateleza juu ya farasi

Hapa watu ndio wanatoa skrubu. Tulia. Chini ya ubao unahitaji mataruma kwa vyovyote, zile fito za kukingama kama zilivyo nyuma ya mlango wa mbao, sasa yapange yaguse migongo ya farasi kwa upande wa ndani. Taruma linagota kwenye mgongo, ubao hauendi mbele wala nyuma, na farasi hawawezi kusogea kuelekea katikati. Kazi moja kitu kimoja, hakuna hata msumari. Kwa kuteleza pembeni, vijiti viwili vya mbao vimesimama juu ya mgongo na vinaingia kwenye vitundu vilivyo chini ya ubao, vitundu viwe vipana kidogo kuliko vijiti.

Ubao umejikunja kama kigae

Hili ndilo linalonipigisha simu kuliko yote, na ndilo watu wanaelewa vibaya kuliko yote.

Mbao haijafa ukishaikata. Inavuta unyevu na kuuachia kila siku, ikivuta inapanuka, ikiachia inasinyaa, na inafanya hivyo kwenye upana, urefu haubadiliki wa kuonekana. Ubao wa paini wa sentimita 75 ukitoka ndani ya nyumba yenye hita, kwenye unyevu wa asilimia 10, ukaenda kwenye hali ya nje ya asilimia 16, unaweza kuongezeka upana kwa kama sentimita 1 nzima. Mwaloni (oak) unazidi hapo. Sasa kama uso mmoja unapata unyevu na mwingine haupati, uso mmoja unapanuka na mwenzake umegoma, ubao ufanyeje, unajikunja.

Kwa hiyo tafuta uso upi ulikauka na upi ulilowa. Kingo zikiwa zimeinuka juu na katikati kuna bonde, uso wa juu ndio uliokauka au wa chini ndio uliolowa. Maswali ninayouliza: uliuhifadhi wapi? Kama jibu ni umelazwa kwenye sakafu ya zege ya gereji, tumemaliza, zege linatoa unyevu toka chini miezi yote ya baridi. Ulipaka mafuta pande zote mbili? Wengi wanapaka juu tu kwa sababu ndio kunaonekana, chini mbao inakunywa unyevu peke yake. Uliacha kitambaa cha kitani kibichi juu ya meza usiku? Hapo utaukuta umekunjika kwa upande wa pili, katikati kumeinuka kama mgongo wa kobe, maana juu ndio kumevimba.

Kuunyoosha hakuhitaji mashine. Ulaze kwenye nyasi zenye umande, upande wenye bonde uangalie chini, ule uliotokeza uangalie jua. Chini unavuta unyevu unapanuka, juu unakauka unasinyaa. Uchungulie kila nusu saa, ukiuacha mchana kutwa utaukuta umepindukia upande mwingine. Ukishanyooka uegemeze ukutani kwa kingo, hewa ipite pande zote, ndipo upake mafuta nyuso zote mbili sawasawa.

Alafu kuna mtu atasema mimi niliweka mataruma manne na gundi nzuri kabisa ya kustahimili maji na bado ulijikunja, au haukujikunja ila umepasuka katikati toka mwanzo hadi mwisho. Ndio, gundi ndio iliyoupasua. Taruma nyuzi zake zinaenda kwa urefu wake, halibadiliki, ubao juu yake unataka kusinyaa sentimita moja, umeukamata kwa gundi, haina pa kwenda inachanika pale palipo dhaifu. Taruma lifungwe imara katikati tu, kwa kijiti au skrubu moja, na kuelekea kingo matundu yawe marefu kama punje ya ngano ili skrubu itembee. Skrubu inazuia ubao usiinuke, haizuii usipanuke.

Na kama bado hujatengeneza, nasihi yangu ni moja, achana na ubao mmoja mpana. Fanya mbao mbili za sentimita 37 na nusu, kila moja na mataruma yake mafupi, zilale kando kando kama ndugu bila gundi katikati. Upana ukigawanyika nusu, mwendo nao nusu. Mwanya unabaki hapo katikati, mvua ikija maji yanapita, na kitambaa cha kitani kinaufunika.

Kabari imezama mpaka mwisho lakini kiungo bado kinacheza

Hii ni kwa wale wenye meza za fremu, mguu huku, mguu kule, na upau mrefu unaopita katikati, ulimi unatokeza nje ya mguu na kabari inagongwa kuukaza. Ni kiungo kizee sana, vitanda vilivyokutwa ndani ya merikebu ya Oseberg, ya Waviking, kule Norway, iliyozikwa mwaka 834 na kuchimbuliwa 1904, vimeungwa kwa namna hiyo na vinafunguka. Sisi tukiunga kitu cha kubeba kwa bolti ni uvivu tu, samahani kwa nitakayemgusa.

Sababu iko kwenye tundu la kabari. Watu wanalitoboa lianzie sawasawa na uso wa nje wa mguu, kwa mawazo kwamba ndivyo itakavyobana. Kabari ikishuka inagota kwenye ukingo wa ndani wa tundu, inaubana ulimi wenyewe, mguu haujaguswa. Tundu lazima lianzie ndani kidogo ya uso wa mguu, milimita 3 au 4, lifichike kwa sehemu ndani ya mguu, ndipo kabari iwe haina cha kusukuma zaidi ya mguu. Lililokwisha kutobolewa vibaya lirefushe kwa patasi kuelekea ndani. Hakikisha pia mbele ya tundu ulimi umebakiza mbao ya kutosha, mimi sishuki sentimita 5, vinginevyo ukigonga ncha yote inakatika inaruka.

Kabari zinazochomoka zenyewe kwenye gari ni zilizochongwa kwa mteremko mkali sana. Ichonge ndefu, ipungue taratibu, kama sentimita 1 kwa kila 8 za urefu, na iwe ya mti mgumu kuliko ulimi.

Miguu ya X inafunguka

Umbo la X sisi tumelijua utotoni, marfaa ya kuwekea msahafu, mbuzi ya kukunia nazi. Lakini angalia marfaa, imechongwa toka ubao mmoja, meno yake yameingiliana na yenyewe ndiyo yanaizuia isifunguke kupita pale. Farasi wa X mwenye kijiti kimoja katikati hana hayo meno, uzito unamsukuma alale chini. Funga kamba ya katani chini kati ya mguu na mguu, au weka upau wenye kabari. Kamba inatosha, na usiku unaikagua kama imelowa na kulegea.

Alama nyeusi kwenye mwaloni

Chuma, maji na mwaloni. Mwaloni una tanini, ile asili yake chungu kama ya chai kavu, ikikutana na chuma kwenye unyevu inakuwa nyeusi, na ndiyo kemia ile ile iliyotengeneza wino wa zama za kati, chumvi ya chuma na uvimbe unaoota kwenye majani na matawi ya mwaloni. Kwa hiyo misumari, skrubu za chuma, sufuria iliyoachwa usiku, kisu kibichi, vyote vinaandika. Alama changa inapungua kwa kusuguliwa ndimu na kuoshwa. Iliyokolea inatoka kwa asidi ya okzaliki, hiyo ni sumu, vaa glavu, usivute vumbi lake, na suuza meza kwa maji mengi mara kadhaa kabla haijarudi kuwekwa chakula. Baada ya hapo toa chuma chenyewe uweke vijiti vya mbao.

Mafuta yananata, hayakauki

Umepaka mengi na hukufuta. Mafuta mabichi ya kitani yanachukua siku nyingi kukauka hata yakiwa membamba, na kwenye baridi ndio zaidi. Paka kidogo, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu mpaka uhisi umefuta kupita kiasi, iache siku kadhaa, rudia. Iliyokwisha kunata isugue kwa kitambaa chenye tapentaini uanze upya.

Na hapa naomba mnisikilize. Vitambaa vya kufutia mafuta ya kitani vinawaka moto vyenyewe. Mafuta yakikauka yanatoa joto, ukivifinyanga na kuvitupa kwenye ndoo au kona ya gereji joto halina pa kutokea, na saa chache baadaye vinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kukakamaa, au vizamishe kwenye chombo cha bati chenye maji na kifuniko. Kwenye hema la turubai lenye majani makavu chini sitaki hata kufikiria.

Nzito, au haiingii kwenye gari

Meza ya vipimo vyangu ikiwa ya paini ubao wake ni kilo 17, ya mwaloni ni kilo 24, hapo hujaweka farasi. Ukigawa mbao mbili za paini kila moja ni kilo 8 na nusu, mtu mmoja anabeba chini ya kwapa. Mwaloni uweke kwa farasi kama unautaka, ubao uwe wa paini, chini ya kitambaa hakuna atakayejua na mgongo wako utakushukuru. Kupunguza unene ili iwe nyepesi tumeshaona inaleta nini. Na pima gari kabla ya kukata mbao, siti zikiwa zimelala na mlango wa nyuma umefungwa, sio kwa macho.

Imekaa vizuri ila haionekani ya enzi hizo

Macho ya mgeni yanakwenda kwenye vitu vichache. Skrubu zenye kichwa cha msalaba, ni za miaka ya 1930. Ukingo wa plaiwudi wenye matabaka. Kingo za mbao za dukani zilizozungushwa na mashine, zote nne sawasawa. Vanishi inayong'aa. Piga randa ya mkono mara moja juu na pembeni, ile mikwaruzo ya mashine inapotea na kunabaki mabonde laini ambayo mkono unayasikia, watoto wa shule wakija wanapitisha viganja bila kuambiwa na hapo ndipo maswali yao mazuri yanapoanza. Skrubu za mataruma ziko chini, hazisumbui mtu. Kitambaa cheupe cha kitani kinachoshuka pembeni kilikuwa ndio heshima ya meza, kiweke, kinafunika mengi.

Ninachobeba kila safari ni mfuko wa turubai: kabari sita za akiba, vijiti kadhaa, kipande cha nta, kamba ya katani mita kumi, nyundo ya mbao, pima maji ndogo ya kufichwa mfukoni, na vipande vinne vya mbao bapa vya kuweka chini ya miguu kukiwa na tope ili farasi wasizame wakati watu wanakula. Jumatatu mbao zinasimama kwa kingo kwenye kibanda, mbali na zege, vijiti vidogo katikati yake hewa ipite, na mfuko unaning'inia juu yake.